Usikose mlango: Jinsi mahakama za Kenya zinavyogawana kazi

MNAMO 2017, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi uliowashangaza watu wengi wasiozoea mambo ya sheria.

Watu watatu waliopatikana na hatia ya wizi wa mabavu katika eneo la Pwani walikuwa wamekata rufaa katika Mahakama Kuu mjini Malindi na kushindwa. Baadaye ilibainika kwamba mmoja wa majaji wawili waliosikiza rufaa hizo alikuwa ameteuliwa kuhudumu katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, wala si katika Mahakama Kuu.

Hakuna aliyedai kwamba jaji huyo alipokea hongo, alipendelea upande wowote, au hakuijua sheria. Hata hivyo, Mahakama ya Rufaa ilibatilisha hukumu hizo na kuagiza rufaa zisikizwe upya. Mahakama ya Juu iliunga mkono msimamo huo. Jaji wa masuala ya ardhi, ilisema, hana mamlaka ya kuamua kesi ya jinai, hata ikiwa ana hadhi sawa na jaji wa Mahakama Kuu.

Uamuzi huo unaonyesha jambo ambalo wananchi wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Mtu anaweza kuwa na haki, ushahidi na wakili hodari, kisha akatoka kortini mikono mitupu kwa sababu alibisha mlango usiofaa, au alibisha ule unaofaa baada ya muda kupita.

Tangu 1989, Mahakama ya Rufaa ilipoamua kesi moja mashuhuri kuhusu meli na kampuni ya mafuta, majaji nchini wamekuwa wakirejelea kanuni hiyo hiyo: mamlaka ya kusikiza kesi ndiyo msingi wa kila kitu. Mahakama ikigundua kwamba haina mamlaka, haina budi kuweka vifaa vyake chini papo hapo. Kwa hivyo, ni muhimu kwa mwananchi kuelewa jinsi mahakama zilivyopangwa.

Ngazi mbili kuu

Katiba ya 2010 imezigawa mahakama katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la mahakama za ngazi ya juu, nazo ni Mahakama ya Juu, Mahakama ya Rufaa, Mahakama Kuu, na mahakama mbili maalumu zenye hadhi sawa na Mahakama Kuu. Mahakama hizo maalumu ni ile ya Mazingira na Ardhi na ile ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Kundi la pili ni la mahakama za chini. Humo mna mahakama za mahakimu, mahakama za Kadhi, mahakama za kijeshi, pamoja na mahakama nyingine na majopo yanayoundwa kwa sheria za Bunge.

Wanaoketi katika mahakama za ngazi ya juu huitwa majaji. Katika mahakama za chini, mwananchi hukutana na hakimu, Kadhi, mwamuzi wa madai madogo au wanachama wa jopo.

Kesi haichagui ngazi kwa kuzingatia ukubwa wa mtu aliyeshtakiwa. Mbunge anaweza kufikishwa mbele ya hakimu na mchuuzi akafikishwa mbele ya jaji. Kinachoangaliwa ni aina ya kosa au mzozo, thamani ya kinachogombewa, na mahali jambo lenyewe lilipotokea.

Kwa hakimu

Idadi kubwa ya Wakenya wanaofika mahakamani huishia kwa hakimu. Hapa ndipo kesi za wizi, ulaghai, makosa ya trafiki, ubakaji, dawa za kulevya na madeni ya kawaida huanzia. Hata wizi wa mabavu, kosa ambalo adhabu yake kisheria ni kifo, husikizwa kwanza na hakimu. Mauaji na uhaini, kwa upande mwingine, huenda moja kwa moja katika Mahakama Kuu.

Katika kesi za madai, mamlaka ya hakimu hutegemea cheo chake. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 inamruhusu Hakimu Mkuu kuamua madai yasiyozidi Sh20 milioni. Hakimu mkaazi, ambaye ndiye wa cheo cha chini zaidi, ana kikomo cha Sh5 milioni. Kati yao kuna vyeo vitatu vyenye vikomo vya Sh7 milioni, Sh10 milioni na Sh15 milioni.

Hii ina maana kwamba mtu anayedai Sh12 milioni hawezi kwenda kwa hakimu yeyote tu kwa kuwa mahakama yake iko karibu na nyumbani. Ni lazima aulize kama mahakama hiyo ina hakimu mwenye cheo kinachotosha.

Mahakimu pia husikiza kesi za urithi zisizozidi vikomo hivyo na masuala ya ndoa na talaka za kimila. Wengine huteuliwa kuongoza mahakama za watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa makosa ya jinai kutoka miaka minane hadi miaka 12.

Suala la ardhi lilizua utata kwa muda. Mnamo 2016, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba mahakimu hawana mamlaka ya kusikiza kesi za ardhi. Kwa takriban mwaka mzima, wenye kesi kama hizo hawakujua waelekee wapi. Oktoba 2017, Mahakama ya Rufaa ilibatilisha uamuzi huo. Hadi leo, mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo husikiza kesi za ardhi ambazo thamani yake haizidi vikomo vyao, na zile kubwa hupelekwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Wafanyakazi nao wana mpaka wao. Kupitia ilani iliyochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwaka wa 2018, mahakimu walioteuliwa walipewa uwezo wa kusikiza mizozo ya kazi ambapo mshahara wa jumla wa mlalamishi hauzidi Sh80,000 kwa mwezi. Anayelipwa zaidi ya kiwango hicho hupeleka kesi yake katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Madai madogo

Kwa miaka mingi, mtu aliyedai Sh60,000 alikuwa akisita kwenda kortini kwa kuhofia kwamba gharama ya wakili na nauli ingemeza deni lenyewe. Hilo ndilo lililosababisha Bunge kupitisha Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka wa 2016. Mahakama ya kwanza ya aina hiyo ilianza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021.

Mahakama hii husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Miongoni mwake ni madeni ya bidhaa na huduma, fedha ambazo mtu amezishikilia bila haki, uharibifu wa mali, na fidia ya majeraha. Haishughulikii mizozo kuhusu umiliki wa ardhi, kesi za kuharibiana sifa, wala mizozo ya ajira.

Sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60 tangu kuwasilishwa. Mwamuzi hafungwi na kanuni zote kali za ushahidi, na mdai anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Asiyeridhika hukata rufaa katika Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria pekee, na uamuzi wa mahakama hiyo huwa wa mwisho.

Mwenye deni kubwa haruhusiwi kulikatakata vipande ili kila kipande kiingie chini ya Sh1 milioni. Ni lazima achague kati ya kwenda kwa hakimu kudai fedha zote na kusamehe kiasi kinachozidi.

Kwa Kadhi na kwenye majopo

Mahakama za Kadhi zina historia ndefu katika Pwani ya Kenya. Kabla ya uhuru, ukanda wa maili 10 wa Pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Waingereza ndio waliousimamia. Ukanda huo ulipounganishwa na Kenya mwaka wa 1963, serikali iliahidi kwamba mahakama hizo zingelindwa. Ahadi hiyo imo katika Katiba hadi leo, chini ya Kifungu cha 170.

Mamlaka ya Kadhi ni mahususi. Huamua masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, na wahusika wote lazima wawe Waislamu wanaokubali kuamuliwa na mahakama hiyo. Mwislamu anayedai deni la biashara au anayegombania mpaka wa shamba haendi kwa Kadhi, hata kama mdaiwa wake pia ni Mwislamu. Rufaa kutoka kwa Kadhi hupelekwa katika Mahakama Kuu.

Majopo nayo yana kazi zake. Mwanachama wa chama cha akiba na mikopo anayezozana na chama chake hutakiwa kuanzia katika Jopo la Vyama vya Ushirika. Mwenye duka aliyepandishiwa kodi kinyume cha sheria huanzia katika jopo la kodi za majengo ya biashara. Wengi hukimbilia Mahakama Kuu katika mambo kama haya, kisha jaji huwarudisha kwenye jopo, wakiwa wametumia miezi na ada bila faida.

Mahakama Kuu na wenzake

Mahakama Kuu ina mamlaka mapana kuliko mahakama nyingine zote. Inaweza kusikiza kesi yoyote ya jinai au ya madai bila kikomo cha fedha, isipokuwa yale yaliyotengewa Mahakama ya Juu na zile mahakama mbili maalumu. Hupokea rufaa kutoka kwa mahakimu na kusimamia mwenendo wa mahakama za chini. Ndiyo pia mahali ambapo mwananchi anayedai haki zake za kikatiba zimekiukwa huenda kutafuta nafuu.

Kuhusu haki za kikatiba, mlango umeachwa wazi sana. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kufika mahakamani kwa niaba yake mwenyewe, kwa niaba ya asiyeweza kujitetea, au kwa maslahi ya umma. Hakuna ada ya kufungua kesi ya aina hiyo, na kanuni za 2013 zinaruhusu hata malalamishi yaliyoandikwa kwa njia ya barua.

Mahakama ya Rufaa, inayosikiza rufaa kutoka Mahakama Kuu na mahakama mbili zenye hadhi sawa nayo, kwa kawaida huketi na majaji watatu. Haiwaiti mashahidi tena. Majaji husoma kumbukumbu za kesi na kusikiza hoja za mawakili. Ikiwa kesi ilianzia kwa hakimu na kupitia Mahakama Kuu, rufaa hii ya pili huwa ya hoja za kisheria tu. Anayetaka kuthibitisha kwamba shahidi fulani alidanganya huwa amechelewa.

Kabla ya 2010, safari iliishia hapo. Mahakama ya Rufaa ndiyo iliyokuwa kilele tangu kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali mwaka wa 1977, ambapo mahakama ya rufaa ya kanda pia ilisambaratika.

Kileleni

Mahakama ya Juu iliundwa na Katiba ya 2010. Ina nafasi za majaji saba wakiongozwa na Jaji Mkuu, na haiwezi kuketi kusikiza kesi ikiwa na majaji chini ya watano.

Si kila aliyeshindwa katika Mahakama ya Rufaa anaweza kufika huko. Milango ni miwili: kesi iwe inahusu ufafanuzi au utekelezaji wa Katiba, au ithibitishwe kwamba inagusa suala lenye umuhimu kwa umma kwa jumla. Mzozo wa watu wawili kuhusu uzio, hata ukiwa mchungu namna gani, huishia katika Mahakama ya Rufaa.

Safari ya mpango wa kurekebisha Katiba uliojulikana kama BBI inaonyesha ngazi hizi zikifanya kazi. Majaji watano wa Mahakama Kuu waliusimamisha Mei 2021. Majaji saba wa Mahakama ya Rufaa waliunga mkono sehemu kubwa ya uamuzi huo Agosti mwaka huo huo. Mahakama ya Juu ilitoa neno la mwisho Machi 31, 2022. Iliafiki kwamba Rais hakuwa na uwezo wa kuanzisha marekebisho kwa njia ya mpango wa wananchi, lakini ikatofautiana na mahakama za chini kuhusu hoja nyingine kadhaa.

Uamuzi wa Mahakama ya Juu huzifunga mahakama nyingine zote. Desemba 14, 2017, mahakama hiyo iliamua kwamba sheria inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji inakiuka Katiba. Wafungwa wengi, wakiwemo waliofungwa kwa wizi wa mabavu na makosa ya ngono, walianza kuomba adhabu zao zipunguzwe, na mahakama kadhaa zikawakubalia. Julai 2021, Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji pekee. Sentensi moja kutoka kileleni ilifungua matumaini magerezani, na nyingine ikayafunga.

Uchaguzi na ngazi zake

Hakuna mahali ambapo mgawanyo wa kazi unaonekana wazi kama katika kesi za uchaguzi. Anayepinga ushindi wa diwani huenda kwa hakimu. Anayepinga ushindi wa mbunge, seneta au gavana huenda katika Mahakama Kuu. Kesi hizo hufunguliwa katika siku 28 na kuamuliwa katika miezi sita.

Ushindi wa Rais hupingwa katika Mahakama ya Juu pekee. Mlalamishi ana siku saba za kuwasilisha kesi baada ya matokeo kutangazwa, nayo mahakama ina siku 14 za kuamua. Ni katika muda huo mfupi ambapo majaji walibatilisha uchaguzi wa Rais mnamo Septemba 1, 2017. Walikuwa wamekataa ombi kama hilo mwaka wa 2013, na wakalikataa jingine mwaka wa 2022.

Nani humwajiri jaji

Majaji hawachaguliwi na wananchi, wala Rais hawateui apendavyo. Tume ya Huduma za Mahakama, yenye wanachama 11, hutangaza nafasi, huwahoji waombaji hadharani na kumpelekea Rais majina. Jaji Mkuu na naibu wake huhitaji pia kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Mahakimu huajiriwa na Tume yenyewe.

Mpango huu umewahi kuleta mvutano mkali. Mwaka wa 2019, Tume ilipendekeza majina 41 ya majaji. Rais Uhuru Kenyatta hakuwaapisha hadi Juni 2021, alipowateua 34 na kuwaacha sita. Mmoja wao alikuwa ameaga dunia. Sita hao waliteuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022, muda mfupi baada ya kuingia madarakani. Katika muda wote huo, kesi ambazo wangezisikiza ziliendelea kusubiri.

Jaji hustaafu akiwa na umri wa miaka 70, ingawa anaweza kuondoka mapema baada ya kutimiza miaka 65. Jaji Mkuu hahudumu kwa zaidi ya miaka 10. Kumwondoa jaji kabla ya wakati huhitaji uchunguzi wa Tume na jopo maalumu, ili asiogope kufutwa kwa kuwakasirisha wakubwa.

Polisi, mashtaka na korti

Wananchi hulalamika mara nyingi kwamba "korti imemwachilia mhalifu". Malalamiko hayo huchanganya kazi za watu tofauti. Polisi huchunguza. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma huamua nani ashtakiwe na kwa kosa gani. Hakimu au jaji hupima ushahidi ulioletwa mbele yake, wala hatoki kwenda kuutafuta.

Mtu aliyekamatwa anapaswa kufikishwa kortini katika muda wa saa 24, au siku ya kwanza ya kazi endapo muda huo unaishia wakati mahakama imefungwa. Dhamana ni haki ya kila mshtakiwa, hata wa mauaji, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Kuachiliwa kwa dhamana hakumaanishi kwamba kesi imekwisha wala kwamba mshtakiwa hana hatia.

Upande wa mashtaka ukishamaliza kuwaita mashahidi wake, mahakama huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Ushahidi ukiwa hafifu, huachiliwa hapo hapo bila kutakiwa kusema neno. Hakuna wazee wa baraza wanaoketi kando ya jaji kutoa maoni kuhusu hatia, kwani utaratibu huo ulifutwa mwaka wa 2007.

Lugha pia ina uzito wake. Katika mahakama za mahakimu, kesi zinaweza kuendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Katika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, lugha ya mahakama ni Kiingereza. Mshtakiwa asiyeielewa lugha inayotumika ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo, na akinyimwa, hukumu inaweza kubatilishwa.

Saa inayohesabu

Baada ya mlango, adui mwingine ni wakati. Madai yanayotokana na mkataba hufunguliwa katika miaka sita. Fidia ya ajali au uzembe hudaiwa katika miaka mitatu, na vivyo hivyo mizozo mingi ya ajira. Aliyeharibiwa jina ana miezi 12 tu. Kurejesha ardhi kuna kikomo cha miaka 12.

Mdaiwa naye hana muda wa kupoteza. Akipokea samansi katika kesi ya kawaida ya madai, huwa na siku chache tu za kujitokeza na kuwasilisha utetezi. Anayeitupa samansi kabatini akidhani mambo yatajiishia anaweza kushtukia mali yake ikipigwa mnada kwa hukumu iliyotolewa bila yeye kusikizwa.

Rufaa zina saa yake pia. Katika kesi ya jinai, rufaa kutoka kwa hakimu hukatwa katika siku 14. Katika kesi ya madai, ni siku 30. Anayetoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa huwasilisha ilani katika siku 14. Mahakama inaweza kuongeza muda, lakini mwombaji lazima aeleze kwa nini alichelewa, na kutojua sheria hakukubaliwi kuwa kisingizio.

Nje ya ukumbi

Si kila mzozo unapaswa kufika mwisho wa ngazi hii. Katiba inazitaka mahakama kuhimiza upatanisho na mbinu za jadi za kusuluhisha mizozo, mradi zisikiuke haki za binadamu. Tangu 2016, kesi nyingi za familia na za kibiashara zimekuwa zikipelekwa kwa wapatanishi walioidhinishwa na Idara ya Mahakama, na makubaliano yanayofikiwa huwa na nguvu ya hukumu.

Kwa asiyeweza kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya kitaifa ya kuwasaidia wasiojiweza. Katika kesi za jinai, serikali hutakiwa kumpa mshtakiwa wakili pale ambapo kukosa wakili kungemsababishia dhuluma kubwa. Ndiyo sababu washtakiwa wa mauaji hupewa mawakili.

Kabla ya kulipa ada yoyote, mwenye kesi anaweza kufika katika masjala ya mahakama iliyo karibu na kuuliza mambo matatu: mzozo wake ni wa aina gani kisheria, mahakama au jopo gani lina mamlaka ya kuusikiza, na amebakiwa na siku ngapi. Karani haruhusiwi kumpa ushauri wa kisheria, lakini anaweza kumwonyesha ofisi inayofaa na fomu zinazohitajika.

Faili ikipotea, kesi ikiahirishwa bila sababu au mfanyakazi wa korti akidai hongo, mahali pa kulalamika ni ofisi ya malalamiko ya Idara ya Mahakama, iliyoanzishwa mwaka wa 2011. Ofisi hiyo haiwezi kubadilisha hukumu. Anayeona kwamba hakimu ameamua vibaya hana njia nyingine ila rufaa, na siku zake huanza kuhesabiwa mara tu hukumu inaposomwa.